Kuchagua kadi ya sauti ya chaneli nyingi kwa studio ya nyumbani: mwongozo kamili

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo inayowapoteza wanunuzi wengi wa kadi ya sauti, kile kifaa kinachoingiza sauti za maiki na ala kwenye kompyuta. Mtu anaona 18i20, anasoma kwamba inaingiza chaneli 18, anafikiria kwaya yake ya watu kumi na sita na roho inatulia. Akifika nyumbani anakigeuza kifaa mbele na nyuma, anakuta matundu ya maiki manane tu. Hakuibiwa. Focusrite Scarlett 18i20 kweli inapokea chaneli 18: nane za maiki au ala, mbili za S/PDIF (njia ya kidijitali ya sauti ya kushoto na kulia), na nane zinazopita kwenye tundu dogo la mwanga linaloitwa ADAT. Behringer UMC1820 nayo imehesabiwa hivyo hivyo. Kumi zile zilizobaki hazina kazi mpaka ununue kifaa kingine cha kuzijaza.

Mwongozo huu ni wa anayerekodi nyumbani kwa kompyuta na anataka kunasa zaidi ya vyanzo viwili kwa mpigo mmoja, kila kimoja kwenye treki yake. Kama unatengeneza midundo ndani ya kompyuta kisha unaingiza mwimbaji mmoja mmoja, kama Bongo Fleva nyingi zinavyofanywa, huna haja ya kuendelea kusoma. Kadi ya matundu mawili inakutosha. Mwimbaji akirudia sauti za kuitikia mara kumi, bado anatumia tundu lile lile moja, na treki zitajazana zenyewe kwenye programu. Pesa itakayobaki iweke kwenye maiki nzuri na kuua mwangwi wa chumba.

Hatua ya kwanza: hesabu vinavyolia kwa pamoja

Usihesabu treki za wimbo uliokamilika. Hesabu maiki na nyaya zitakazokuwa wazi kwa wakati mmoja siku yenye kazi kubwa kuliko zote.

Tuchukue kikundi cha kidumbak cha Unguja, maana muziki ule ukirekodiwa kipande kipande unakufa. Wapigaji wanapeana macho, fidla inakimbizana na ngoma, na mwimbaji anaongeza beti kadiri wachezaji wanavyopamba moto. Lazima wote wapige pamoja. Fidla inataka maiki moja. Sanduku, lile besi la kamba moja iliyofungwa kwenye fimbo, linataka yake, karibu na uso wa boksi. Vidumbak viwili vya udongo, maiki mbili. Mwimbaji moja, waitikiaji mbili. Imebaki mkwasa, vile vijiti vya kugonganisha, na cherewa: vyote viwili vipe maiki moja. Jumla nane kamili.

Cherewa ni vifuu vyenye mbegu ndani, na sauti yake kali ya juu huingia kwenye kila maiki iliyo wazi chumbani, hata usipoipa yake. Mara nyingi ukimsogeza mpigaji wa cherewa pembeni, mbali na fidla, utaipata ya kutosha bila maiki yoyote, na chaneli moja imeokolewa. Kwa hiyo kabla ya kulipia matundu zaidi, panga watu chumbani kwanza.

Kwaya huwatisha watu bure. Watu kumi na sita hawahitaji maiki kumi na sita. Mbili za mbele kwa picha nzima, kisha moja moja kwa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne: sita. Ukiongeza kinanda kwa nyaya mbili, kushoto na kulia, umefika nane.

Bendi yenye dramu ndiyo inayokula chaneli. Kiki, sneya na maiki mbili za juu ni nne tayari, na huo ni upigaji wa kiasi. Besi moja, gitaa la solo na la ridhimu mbili, kinanda mbili, mwimbaji moja: kumi. Hapo kadi ya matundu nane imekushinda kabla konga hazijafika.

Ukipata namba yako, ongeza mbili. Atatokea mgeni na udi, au utataka maiki ya pili kwenye fidla.

Hatua ya pili: soma matundu, achana na jina

Geuza picha ya kifaa mtandaoni uone nyuma na mbele, kisha uliza maswali haya ukiwa na kalamu.

Kina priampu ngapi? Priampu ndiyo inayokuza sauti dhaifu ya maiki mpaka ifae kurekodiwa, na bila hiyo maiki haina pa kuchomekwa. MOTU UltraLite mk5 inaingiza chaneli 18, lakini priampu za maiki ni mbili tu. Ni kifaa kizuri sana kwa mwenye sinthesaiza nyingi, na ni balaa kwa mwenye kwaya. Tascam US-16x08 ina matundu 16, yote ya kuchomeka waya wa kawaida bila ADAT; nane ni ya maiki na nane ni ya laini, yaani kinanda, miksa au kifaa chochote chenye sauti iliyokwishakuzwa.

Gitaa na besi la umeme zinaingia wapi? Gitaa likichomekwa moja kwa moja linataka tundu lenye alama ya gitaa, INST au Hi-Z. Kadi nyingi zinatoa hiyo kwenye matundu mawili ya kwanza tu. Wenye magitaa matatu watahitaji kisanduku cha DI, kinachoifanya sauti ya gitaa ifae tundu la maiki, au maiki mbele ya ampu.

Kuna ADAT? Hapa tukae kidogo. ADAT ilianza kama mashine ya Alesis iliyotangazwa 1991, iliyorekodi treki nane kwenye kaseti ya S-VHS, na mashine zenyewe zikishakwisha njia yake ya kupitisha sauti kwa mwanga ikabaki. Waya mmoja mwembamba wa Toslink, ule ule unaotumika kwenye televisheni nyingi, hubeba chaneli nane. Ukinunua leo kadi yenye matundu nane na ADAT, mwakani unaweza kununua kifaa kama Behringer ADA8200, chenye priampu nane, ukakiunganisha kwa waya huo na kufika maiki kumi na sita. Ndiyo maana kati ya kadi mbili za bei karibu sawa mimi huchukua yenye ADAT bila kusitasita. Wasichokwambia wauzaji ni kwamba chaneli nane hizo ni kwa 44.1 au 48 kHz, yaani maelfu ya vipimo vya sauti (sampuli) kwa sekunde. Ukipandisha hadi 96 kHz zinabaki nne, na kwa 192 zinabaki mbili. ADA8200 yenyewe inaishia 48.

Ukitumia vifaa viwili hivyo, kimoja lazima kiwe bwana wa saa, yale mapigo ya ndani yanayopanga sampuli, na kingine kimfuate. Waya ukiwa mmoja tu, kutoka ADA8200 kwenda kwenye kadi, iambie kadi ifuate saa ya ADAT. Usipofanya hivyo utasikia vipasuko vidogo vidogo visivyo na mpangilio, na unaweza kushinda siku nzima ukilaumu maiki.

Hatua ya tatu: jihadhari na miksa yenye USB

Miksa ya chaneli kumi yenye tundu la USB inaonekana kama jibu la bei nafuu. Angalia vizuri. Yamaha MG10XU, kwa mfano, inapeleka kwenye kompyuta chaneli mbili tu: mchanganyiko wa kushoto na kulia, uliokwishapikwa. Fidla ikiwa kubwa mno, imebaki kubwa mno milele. Ni miksa nzuri kwa ukumbi, lakini kazi tunayoizungumzia hapa si yake.

Zipo miksa zinazopeleka kila chaneli peke yake, na hizo ni kadi kamili. Soundcraft Signature 12 MTK ni mojawapo. Behringer XR18 ina priampu 16 na inapitisha chaneli 18 kwenda na 18 kurudi kwa USB; haina vitufe vya kuzungusha juu yake, unaiendesha kwa tableti au kompyuta, na inafanya kazi kwa 44.1 na 48 kHz pekee. Zoom LiveTrak L-12 ina priampu nane, inatumika kama kadi, na pia inarekodi hadi treki 14 kwenye kadi ya SD bila kompyuta kabisa.

Mtego wa jirani yake: kununua kadi mbili ndogo za matundu mawili ukidhani umepata nne. Kwenye Windows, programu ya kurekodi kwa kawaida hutumia kifaa kimoja cha ASIO (mfumo wa kupitisha sauti bila kuchelewa sana) kwa wakati mmoja. Mac inaweza kuviunganisha viwili vikaonekana kama kimoja, lakini saa zao zinaweza kuachana taratibu ukirekodi kwa muda mrefu.

Hatua ya nne: kompyuta yako inasemaje?

Watu wanaogopa USB 2.0 bila sababu. Piga hesabu: chaneli moja ya biti 24 kwa 48 kHz inakula kama megabiti 1.15 kwa sekunde. Chaneli 18 za kuingia na 20 za kutoka, zote zikifanya kazi, ni kama megabiti 44. USB 2.0 ina njia ya megabiti 480. Usilipe zaidi kwa sababu tu boksi limeandikwa USB 3 au Thunderbolt. Kadi za FireWire ndizo za kukimbia: sokoni zipo nyingi za mitumba kwa bei ya kutamanisha, lakini kompyuta mpya hazina tundu hilo.

Cha muhimu zaidi ni draiva, programu ndogo inayoifanya kompyuta iielewe kadi. Kwenye Windows dai draiva ya ASIO iliyotengenezwa na kampuni ya kadi yenyewe, na ingia kwenye tovuti yao uhakikishe inataja toleo la Windows ulilonalo. ASIO4ALL, draiva ya jumla isiyo ya kampuni ya kadi, ni ya kuokoa jahazi, usiitegemee kwa chaneli nane. Kwenye Mac na Linux, kadi inayofuata kiwango cha kawaida cha USB huonekana bila kusakinisha kitu, na hiyo ni kinga nzuri siku kampuni itakapoacha kutengeneza draiva mpya.

Nafasi ya diski: chaneli moja kwa saa moja, biti 24 na 48 kHz, ni kama megabaiti 518. Nane ni gigabaiti 4.1 kwa saa. Ukichagua 96 kHz zidisha kwa mbili. Kwa kazi ya nyumbani 48 inatosha, na mtu asikudanganye.

Programu nayo ina mipaka yake. FL Studio toleo la Fruity halirekodi sauti kutoka kwenye maiki. Kurekodi kunaanzia toleo la Producer. Matoleo mepesi yanayotolewa bure ndani ya boksi mara nyingi hufunga idadi ya treki, kwa hiyo uliza kabla. Reaper haifungi, na unaweza kuijaribu ikiwa kamili.

Hatua ya tano: umeme

Kadi ndogo hula umeme wa USB. Ya chaneli nane haiwezi. Maiki za kondensa zinataka umeme wa fantomu wa volti 48, na kwa kiwango kilichowekwa kila moja inaweza kuvuta hadi miliampea 10, yaani karibu nusu wati. Nane ni wati 3.8, wakati USB 2.0 inatoa wati 2.5 tu. Kwa hiyo kadi itakuja na adapta yake au waya wa ukutani. Angalia adapta iwe imeandikwa 100–240V, hasa kama kifaa kimetoka Marekani.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo miongozo ya wenzetu haiandiki. Umeme ukikatika, laptopu inabaki hai kwa betri, lakini kadi inazima. Programu inapoteza kifaa katikati ya wimbo, na ile mara moja kikundi kilipopatia ndiyo imekwenda. Nunua UPS ndogo ya kadi peke yake. Mzigo wake ni mdogo, hata ya bei ya chini itaibeba muda mrefu. Kama kukatika ni kila siku na kompyuta yako ni ya mezani, kifaa kinachorekodi kwenye SD kinaanza kuwa na maana kubwa.

Ukisikia mngurumo mzito usiokoma, huo ni umeme wa 50 Hz unaingia kwenye sauti. Chomoa chaja ya laptopu kwanza. Ukikoma, mkosaji umempata: chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi, tumia nyaya za XLR (za pini tatu, kama za maiki) au TRS (plagi kama ya gitaa lakini yenye pete mbili nyeusi) badala ya zile za gitaa kwenda kwenye spika. Mguu wa ethi kwenye plagi usiukate hata fundi akikushauri.

Hatua ya sita: watu watajisikiaje?

Hapa ndipo kadi nzuri inapotengana na ya kawaida, na ndipo wanunuzi wanapofikiri mwisho. Mwimbaji anayejisikia amechelewa hata kidogo ataimba vibaya. Chanzo ni bafa, kile kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukishughulikia. Bafa ya sampuli 128 kwa 48 kHz ni milisekunde 2.7, ya 1024 ni 21. Sauti inaingia kisha inatoka, kwa hiyo zidisha kwa mbili na uongeze kidogo. Kwa 128 hakuna atakayelalamika. Kwa 1024 mwimbaji anajisikia mara mbili. Kompyuta ya zamani ikirekodi chaneli nane huenda isiiweze bafa ndogo.

Suluhisho ni kusikiliza moja kwa moja kutoka kwenye kadi, kabla sauti haijafika kwenye kompyuta. Kadi zote za maana zina njia hiyo, ila zinatofautiana. UMC1820 haina miksa ya ndani inayoendeshwa kwa programu, hivyo uchaguzi wako ni mdogo. Scarlett 18i20 ina programu inayokuruhusu kumpa kila mtu mchanganyiko wake. Kampuni ya RME wana programu yao ya TotalMix, ambayo waliokwisha kuizoea hawataki kusikia nyingine, na bei yake inajulikana.

Hesabu pia matundu ya visikilizio vya kichwani. Kadi nyingi zina mawili. Kikundi cha watu sita kitahitaji kigawanyaji kama Behringer HA400, chenye matundu manne, unachokichomeka kwenye njia za kutokea za 3 na 4. Zoom L-12 ina njia tano za visikilizio, kila moja na mchanganyiko wake, na kwa kikundi kinachopiga pamoja chumba kimoja hilo peke yake linatosha kuihesabia haki. Kwa XR18 kila mpigaji anaweza kujirekebishia kwa simu yake kupitia Wi-Fi.

Kuhusu ubora wa priampu zenyewe, maneno ni mengi kuliko tofauti. Jambo moja la kupima: kiasi cha kukuza sauti. Maiki kama Shure SM7B inahitaji angalau desibeli 60, na kadi nyingi za bei ya chini zinaishia karibu na hapo, zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho na kuanza kutoa mvumo. Kama huna maiki ya aina hiyo, lisikusumbue.

Kwa hiyo uchukue ipi?

Kikundi cha kidumbak, kwaya ndogo, au taarab ya watu wachache: kadi ya priampu nane yenye ADAT. Pesa ikiwa ndogo, UMC1820. Ikiwepo zaidi, Scarlett 18i20. Ukiwa unahama hama, leo nyumbani, kesho kanisani au kwenye harusi, ningechukua L-12.

Bendi yenye dramu: XR18, kwa sababu kufika maiki 16 kwa UMC1820 na ADA8200 kunaweza kukugharimu karibu sawa, na bado huna mchanganyiko wa kila mpigaji.

Vyanzo vinne tu: UMC404HD au kadi nyingine yoyote ya priampu nne, basi.

Kabla ya kulipa, piga bei ya vilivyobaki. Maiki nane, nyaya nane za XLR, stendi nane, visikilizio sita. Jumla hiyo inaweza kuizidi kadi yenyewe. Usimalize fedha kwenye kadi ya matundu nane ukarudi nyumbani na maiki mbili.

Siku ya kununua

Ukienda Kariakoo, Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli, Nairobi, nenda na laptopu yako ikiwa na draiva iliyokwishasakinishwa, maiki moja ya dainamiki, moja ya kondensa, waya wa XLR, visikilizio na, kama kadi ina ADAT, waya wa Toslink. Muuzaji wa mitumba akikataa ujaribu, ondoka.

Chomeka maiki tundu la kwanza, sema maneno machache, zungusha kitufe polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kikikwaruza, kimechoka. Rudia kwa matundu yote manane. Watu hujaribu mawili ya mbele wakaamini mengine. Washa fantomu ukiwa na maiki ya kondensa, na kwenye kadi inayowasha kwa makundi ya manne jaribu makundi yote mawili. Zima fantomu kabla ya kuchomoa.

Kwa ADAT, chomeka Toslink kutoka tundu la kutokea kwenda la kuingilia la kadi hiyo hiyo, saa ikiwa ya ndani, kisha peleka wimbo wowote kwenye njia za ADAT na uone kama unarudi kwenye chaneli zake. Mwanga mwekundu ukionekana kwenye tundu ni dalili njema ila hautoshi. Tikisa kidogo waya wa USB na wa umeme sauti ikiwa inapita. Ikikatika, tundu limelegea.

Ukiifikisha nyumbani, siku hiyo hiyo, dhamana ingali mbichi, fungua treki nane, weka bafa 256, ukarekodi saa nzima hata kama chumbani hakuna mtu ila feni. Kisha kuza ukubwa wa kila treki na usikilize vipasuko. Vikiwepo, panda bafa 512, zima Wi-Fi, hamishia waya wa USB kwenye tundu jingine bila kupitia kigawanyaji, na urekodi saa nyingine. Vikibaki vile vile hata kwenye kompyuta ya pili, irudishe kesho yake ukiwa na risiti na hiyo rekodi.